Mwizi Mfukoni mwa Mjomba

Mansuri alikuwa na mjomba mmoja tu duniani, na huyo mmoja alikuwa amenuna.

Kwa watu wengine jambo hilo lingekuwa dogo. Unakosana na mjomba, unasubiri Idi, unampelekea sukari, yanaisha. Lakini Mansuri ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba unampenda na kumheshimu, ila mwenye neno juu yako ni ndugu wa kiume wa mama yako. Yeye ndiye anayesimama siku ya posa akasema huyu kijana ni wetu, na asiposimama, wewe si wa mtu. Na posa ya Mansuri kwa kina Sabra ilikuwa Jumapili hiyo hiyo. Wenyeji walikuwa wameshaambiwa, mchele umeshachambuliwa. Mshenga wa kuongoza msafara alikuwa Mjomba Maneno wa Kinole, mtu ambaye jina lake na kipaji chake vilikutana tangu siku anazaliwa. Nusu ya vijana wa mlimani wameoa kwa ulimi wake.

Ijumaa asubuhi mke wa mjomba akapiga simu Mwembesongo kufikisha ujumbe. Mjomba haji. Mansuri atafute mjomba ambaye si mwizi.

Bi Mwanvita, mama yake Mansuri, alipokea simu hiyo akiwa uani anakaanga maandazi. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, maandazi yakaungua, kisha akamgeukia mwanawe.

"Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Sijamfanya kitu, mama. Ni mlinzi."

"Umeajiri mlinzi? Unalinda nini wewe?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na Mansuri angejiuliza mapema tusingekuwa na hadithi.

Mambo yalianza hivi. Kwa miaka miwili Mansuri, ambaye mchana hutengeneza simu za watu kwenye kibanda chake, usiku alikuwa anatengeneza mchezo wa bao wa kuchezwa kwenye simu. Aliuita Mtaji, kwa sababu mcheza bao akipata nafasi ya kula kete za mwenzake husema ana mtaji, na Mansuri naye alitumaini mchezo huo ungekuwa mtaji wake wa maisha. Tuseme haki, ulikuwa mchezo mzuri. Unasikia kete zinavyodondoka shimoni, na ukicheza ovyo simu inaguna. Wazee wa bao waliujaribu wakausifu, na wazee wa bao hawasifu kitu ovyo ovyo.

Shida ikawa kuuza. Nakala ya kwanza aliyoiuza ilizaa watoto siku hiyo hiyo. Vijana wakarushiana kwa simu, huyu kampa yule, yule kampa shemeji yake, na baada ya muda mfupi Mtaji ulikuwa unachezwa vijiweni, saluni, mpaka stendi ya Msamvu, wakati walioulipia wangeweza kutosha kwenye mikeka miwili. Wa kwanza kabisa kulipa alikuwa Mjomba Maneno. Mpwa alitaka kumpa bure, mjomba akakataa katakata. "Nikichukua bure mimi wa damu," alisema, "wa mbali atalipa kwa sababu gani?"

Hapo ndipo hasira zikampanda Mansuri, na hasira za fundi ni mbaya kwa sababu zina vifaa. Alijifungia ndani akaunda kitu alichokiita mlinzi, akakiweka ndani ya nakala zote alizouza. Kila baada ya siku kadhaa mlinzi huyo hupita kwenye mtandao kwenda kumuuliza Mansuri: huyu kalipa kweli? Akijibiwa ndiyo, anarudi kulala. Asipopata jibu, anaufunga mchezo, na anapoufunga anapiga yowe kwa sauti ya Mansuri mwenyewe, aliyoirekodi bafuni ili ivume vizuri. Kumnyamazisha, mwenye simu sharti aandike jibu la siri alilojiwekea siku ya kununua. Swali lilikuwa moja kwa wateja wote: mama yako anaitwa nani?

Sabra ndiye aliyekuwa wa kwanza kutilia shaka jambo hili. Anauza kwenye duka la dawa karibu na soko kuu, na amezoea watu wanaokuja na shida zao za kweli.

"Kwa hiyo mtu kanunua, kalipa," Sabra alisema alipoonyeshwa, "halafu kila mara anaulizwa kama ni mwizi?"

"Mkweli haogopi kuulizwa."

"Mkweli ndiye anayeumia akiulizwa. Mwizi kashazoea." Akairudisha simu. "Na mimi nikishakuwa mkeo, siku nikichelewa kurudi kutoka sokoni, utanipigia yowe?"

Alisema akicheka, Mansuri naye akacheka, ila swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa perege.

Vijana wa Mwembesongo walimchakachua yule mlinzi kabla hata hajazoea kazi. Walimtoa kwenye mchezo kama mtu anavyotoa mbegu kwenye papai, wakaendelea kurushiana nakala zao zisizouliza wala kupiga kelele. Mlinzi akabaki kwa waliolipa tu.

Sasa nenda Kinole. Kitongoji cha Mjomba Maneno kiko juu kabisa, kwenye migomba na midalasini, na mtandao huko huja unapotaka wenyewe. Mlinzi alitoka kwenda kuuliza, akakosa njia, akarudi. Akajaribu tena na tena. Mwisho akakata shauri, na siku aliyoichagua ilikuwa Alhamisi ya gulio, mjomba yuko katikati ya watu kavaa koti lake la heshima, anapatana bei ya mdalasini, simu iko mfukoni na sauti iko juu mpaka mwisho, kwa kuwa masikio ya mjomba si ya jana.

"Mwizi! Mwizi! Mkamateni!"

Unajua neno hilo hufanya nini sokoni. Watu waliinuka kwa pamoja wakatafuta anayekimbia, na kwa bahati mbaya anayekimbia alikuwepo. Alikuwa Innocent, mkulima wa kabichi aliyetoka upande wa Mgeta, akimfukuza jogoo wake aliyekata kamba. Gulio likamwendea Innocent. Innocent kuona gulio zima linamjia, akamsahau jogoo, akaongeza mwendo. Na Mjomba Maneno, mtu wa haki tangu ujana wake, hakukubali kuachwa nyuma. Aliinua fimbo akakimbia na wenzake, huku akimstaajabia huyo anayepiga yowe, maana alikuwa na pumzi za ajabu; kila mjomba alipofika, na sauti ilikuwa imeshafika.

Innocent akapanda juu ya mkarafuu. Watu wakauzunguka mti. Mjomba akawasili wa mwisho, akihema, akapenya mpaka mbele, na watu waliponyamaza kungoja mzee aseme neno, koti lake likasema: "Mwizi! Mwizi! Mkamateni!"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba ipo siku kitapiga yowe. Watu wote waligeuka kumtazama mjomba. Hata Innocent, kule juu alikokumbatia tawi, alimtazama.

Mjomba akaitoa simu. Simu ikamuuliza mama yake anaitwa nani. Akaandika jina la marehemu mama yake, Raya. Simu ikasema si sahihi, ikapiga yowe upya. Muuza chumvi akashauri, andika Biti Abdi, sisi wote tulimwita Biti Abdi. Si sahihi. Mama mmoja akasema yeye alimjua kwa jina la Mama Maneno. Si sahihi. Bibi yule aliishi miaka mingi na kila aliyemjua alikuwa na jina lake la kumwitia, na gulio zima likajitolea kusaidia, na simu ikayakataa yote na kumtangaza mjomba mwizi kwa kila jina lililokataliwa. Mwishowe waliitumbukiza ndani ya gunia la mdalasini, wakalikalia mpaka chaji ikaisha. Innocent alishuka akaombwa radhi na kurudishiwa jogoo wake, na watu walicheka mpaka jua linazama. Mjomba hakucheka. Wakati sauti ile inafifia ndani ya gunia, ndipo alipoitambua kuwa ni ya mpwa wake.

Bi Mwanvita alipomaliza kumsimulia mwanawe haya yote, mwenyewe aliuma upindo wa kanga asicheke. Kisha akakaza uso.

"Ukitoka swala ya Ijumaa unapanda mlima," alisema. "Na usirudi hapa bila mjomba wako."

Mansuri alichukua bodaboda njia ya Bigwa, kompyuta mgongoni, sukari mapajani, akishushwa na kusukuma pikipiki kila penye tope. Njiani alipanga maneno ya kusema. Angeeleza habari za mtandao, angeeleza habari za wizi, na mjomba angeelewa, kwani ni mtu mwenye akili. Bodaboda ilimfikisha mpaka pale barabara inapokata tamaa, akaendelea kwa miguu. Kwenye kona ya kwanza ya kitongoji akakuta watoto wanacheza. Mmoja wao alimwona akapiga yowe, "Mwizi! Mwizi! Mkamateni!", kwa sauti nzito ya kuvumisha kama iliyotoka bafuni. Mansuri hakuhitaji kuambiwa ni sauti ya nani. Akainamisha kichwa akapita.

Mke wa mjomba, Mama Furaha, alikuwa kibarazani anamenya ndizi. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Aliitikia shikamoo ya Mansuri kwa upole, kisha akauelekeza mdomo kwenye mlango, maana yake yumo.

"Hodi," Mansuri akasema.

"Nani?"

"Mimi Mansuri. Shikamoo, mjomba."

Shikamoo ile ikabaki hewani bila kuitikiwa. Kwetu kijana akinyimwa marahaba hujisikia kama amevuliwa shati mbele za watu.

"Mansuri yupi?" sauti ikauliza.

"Mpwa wako."

"Wanaojiita hivyo ni wengi. Nitajuaje kama ni wewe? Thibitisha. Mama yako anaitwa nani?"

Mansuri alitabasamu, akajua mzee anatania na mambo yameshakuwa mepesi. "Mwanvita," alijibu.

"Si sahihi."

Tabasamu likapungua. "Mwanvita binti Said."

"Si sahihi. Umebakiza mara moja. Ukikosea, mlango unafungwa mpaka baada ya Jumapili."

Mansuri akamgeukia Mama Furaha, ambaye mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Mama, nisaidie. Anataka nijibu nini?"

"Mimi siyo huduma kwa wateja, mwanangu," alisema Mama Furaha, akaendelea kumenya ndizi.

Mansuri akaenda kukaa kwenye jiwe, ukingoni mwa uwanja. Aliwaza majina. Mwembesongo wanamwita Mama Mansuri. Wateja wa maandazi humwita Bi Mwanvita, na wale wanaokopa humwita Mama Mkubwa. Je, lilikuwepo jina la utotoni asilolijua? Alitoa simu ampigie mama mwenyewe amuulize, simu ikamwonyesha kwamba mtandao hakuna, na Mansuri, aliyelala miezi mingi akiwaza kwamba asiye na mtandao ameuzima makusudi, aliitazama simu ile kwa aibu.

Kisha akakasirika. Nimepanda mlima mzima, alijisemea, nimesukuma pikipiki kwenye tope, nimebeba na sukari. Mtu huyu ananijua. Amenibeba mgongoni nikiwa na surua, sauti yangu anaijua hata ndani ya gunia, na bado ananiweka nje ananiuliza mimi ni nani. Kosa langu nini kama nimekuja kwa mguu wangu na nia njema?

Akajisikia akisema hivyo. Uso wake ukawa wa moto, kwani sasa alijua mtu hujisikiaje. Inauma. Haiumi kama kuibiwa. Ni afadhali kuibiwa.

Alipotulia hakuwaza tena majina. Alimuwaza mjomba. Alimwona akishuka mjini na mikungu ya ndizi, akiingia uani bila hodi, akiuliza kabla hata hajatua mzigo: Dada hajambo? Dada yuko wapi? Dada, nimekuletea ndizi. Mama ndiye mkubwa na mjomba ndiye mdogo, na katika maisha yake yote Mansuri hajawahi kusikia neno Mwanvita likitoka kinywani mwa mjomba wake.

Akainuka, akafuta suruali, akasimama mbele ya mlango.

"Mjomba," alisema. "Mama yangu anaitwa Dada."

Komeo likatoka. Mjomba Maneno alisimama mlangoni, mfupi, kavaa msuli na fulana, uso mkavu.

"Marahaba," akasema. "Pita ndani."

Walikaa. Mama Furaha akaleta chai ya mdalasini, na harufu yake ikamkumbusha kila mmoja yale asiyotaka kukumbuka. Simu ilikuwa mezani, imeshachajiwa, imezimwa, imewekwa mbali na watu.

"Mjomba," Mansuri akasema taratibu, "siku ile ya kununua, uliandika Mama, siyo?"

"Uliniuliza mama yangu anaitwa nani. Mimi yule nimemwita Mama tangu napata ulimi mpaka siku namzika. Ningeandika nini?" Mjomba akainua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Kule gulioni, mbele ya kadamnasi, nikadhani wanataka jina la serikali."

Mansuri aliwasha simu, akaandika Mama, mchezo ukafunguka. Kete zikalia shimoni kwa furaha, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mansuri alishusha pumzi, akatoa kompyuta kwenye begi. "Sasa hivi nitakupa nakala yako maalumu isiyokuwa na mlinzi," alisema. "Hutasumbuliwa tena maishani."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe ni mjomba wangu."

"Waliolipa wengine wamefanyaje? Hao wana mlinzi?"

"Wote wanaye."

"Na wale wanaocheza za wizi?"

Mansuri akajikuna shingo. "Wale hawana. Walimtoa."

Mjomba Maneno alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akacheka mpaka akakohoa, Mama Furaha akaja kuchungulia. "Mpwa wangu," alisema alipopata pumzi, "umefunga mbwa sebuleni anawauma wageni, na wezi wanapita dirishani."

"Nilifanya kazi miaka miwili, mjomba. Watu wameichukua hivi hivi. Niliumia."

"Najua uliumia. Aliyeibiwa apige yowe, ni haki yake. Lakini ampigie aliyemuibia. Mimi ulinipigia kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu." Alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza Mansuri kuliko matusi. "Sitaki cha peke yangu. Mtoe kwa wote."

Mansuri alijua maana yake. Ni kukubali kwamba hana ulinzi, kwamba Mtaji utarushwa kutoka simu hadi simu mpaka mwisho wa dunia. Alikaa akaigeuzageuza sahani ya kikombe. Lakini kila alipotafuta sababu ya kumbakiza mlinzi, alijiona tena kwenye lile jiwe uwanjani, na sababu ikayeyuka.

Mtandao wa kitongoji kile hupatikana mahali pamoja, juu ya mwamba ulio jirani na bomba la maji, ndiyo maana akina mama wa huko wanajua siri za kila mtu. Mansuri aliketi pale na kompyuta mapajani, mjomba kando yake, madumu yamejipanga chini yao. Akamfuta mlinzi kutoka kwenye kila nakala aliyowahi kuuza. Kisha akaandika ujumbe kwa wote waliolipa: Ulinunua kwangu kwa halali, nami nikakufanya mwizi. Nisamehe. Halitarudiwa. Mansuri wa Mwembesongo. Aliusoma mara mbili, akasita, mwanamke mmoja mwenye ndoo akamwambia, "Tuma, mwanangu, maji yanafurika hapa," akatuma.

Majibu yakaanza kuingia kabla hawajashuka mwambani. Wengi walimshukuru. Mmoja wa Kihonda aliandika kwamba yeye amesamehe, ila simu ilipiga yowe akiwa anajipakulia nyama jikoni na mkewe mpaka leo hamwamini.

"Na Jumapili, mjomba?" Mansuri akauliza waliporudi nyumbani.

"Mchezo wangu nimeupata, ahsante," mjomba akasema. "Posa ni habari nyingine. Kinole nzima inaniita Mwizi wa Mfukoni. Nitaona nikiamka."

Jumapili washenga walikusanyika Mwembesongo, wamevaa kanzu, na Mjomba Maneno hakuwepo. Simu yake haikupatikana. Walimngoja mpaka kungoja kukawa utovu wa adabu kwa wenyeji, ndipo wakaondoka kwenda Mzinga, nyumbani kwa Mzee Yusuph, baba yake Sabra, ambaye alistaafu kazi kiwandani na bado anatembea kama anayewahi zamu. Bi Mwanvita njia nzima aligeuka kutazama nyuma.

Mwoaji haingii kwenye mazungumzo ya posa yake. Mansuri aliwekwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha, pamoja na Abdi, mdogo wake Sabra, ambaye alikuwa ameinamia simu. Kete zilikuwa zinalia.

"Shemeji, mchezo wako mtamu," Abdi akasema bila kuinua macho. "Wala haujawahi kunisumbua hata siku moja."

Mansuri akaegemeza kichwa ukutani kusikiliza. Ndani kulikuwa na kukohoa kwingi na maneno machache. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema huyu ni wetu. Alisikia baba zake wadogo wakizunguka mbali na neno hilo, wakisifu hali ya hewa, na alihisi Sabra anamponyoka mkononi, hivi hivi, mchana, mchele ukinukia jikoni.

Bodaboda ikaingia uani na kusimama. Aliyeshuka alikuwa na tope mpaka magotini na koti la heshima lililonukia mdalasini. Hakumtazama Mansuri. Alibisha hodi mara moja, akaingia, na Mansuri akasikia mama yake, ndani, akivuta pumzi kwa sauti.

Salamu zilikuwa ndefu. Kisha Mzee Yusuph akasema, "Umekuja wakati mzuri. Habari za gulio lenu zimetufikia hata sisi wa huku chini. Tunaambiwa kijana wenu amewaita watu wezi, tena wale waliomlipa. Binti yetu akienda kwake anakwenda kwa moyo wake mweupe. Siku akichelewa kurudi kutoka sokoni, ataitwaje?"

Mansuri aliganda kwenye benchi. Swali lile alilijua, na alimjua mwenye swali. Sabra alikuwa amelitoa kicheko, akalikabidhi kwa baba yake.

Mjomba Maneno alilinyoosha koti lake. "Mzee mwenzangu, sitakuficha," alisema. "Aliyeitwa mwizi ni mimi. Ni mjomba wake, na ni mteja wake wa kwanza. Nilimwambia dada yangu siji, na leo nimeamka nusu yangu bado haitaki kuja. Hiyo nusu ndiyo iliyonichelewesha." Watu wakacheka, yeye akangoja. "Lakini kijana alipanda mlima. Aliniomba radhi mimi wa damu yake, halafu akawaomba watu asiowajua hata sura, mbele ya akina mama wote wa bombani. Habari za mapenzi ya vijana mimi sizijui. Biashara naijua. Mteja aliyetukanwa akirudi kwa miguu yake mwenyewe, jua humo dukani mna kitu. Mimi nimerudi. Huyu kijana ni wetu."

Neno likawa limesemwa. Mansuri alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na Abdi akaacha kucheza akamtazama.

Mzee Yusuph akatuma mtu chumbani akamuulize binti mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Zikasikika hatua, mlango, minong'ono, kisha kigelegele kimoja kirefu cha mama yake Sabra, na vingine vikakidaka. Katikati ya zile kelele pazia la dirisha lililo juu ya benchi likasogea kidogo.

"Umesikia nilivyojibu?" Sabra akauliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia."

"Basi nimeshasema ndiyo. Usije ukaniuliza tena."

Mansuri akasema hatauliza.